Matunzo na Matengenezo ya Kiko cha Tumbaku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila shida ya kiko huanzia kwenye unyevu au joto. Moshi wa tumbaku hubeba mvuke, na mvuke ukipoa hugeuka maji machungu yanayotuama kwenye njia ya moshi. Joto likizidi, mti unaungua. Majibu yaliyo hapa chini yanatoka kwenye chanzo hicho, ndiyo maana mengi yanarejeleana.

## Mambo ya msingi

1. Sehemu za kiko zinaitwaje?

Bori ni kile kichwa chenye chumba cha kutilia tumbaku. Digali ni shina linalotoka kwenye bori. Mdomo ni kipande kinachoshikwa kwa meno, na ule mchomozo wake mwembamba unaoingia ndani ya digali tutauita ulimi, kama maseremala wanavyoita kiungo cha namna hiyo. Tundu la moshi ni kitobo kilichopo chini ya chumba cha bori. Kutoka hapo hadi mwisho wa mdomo ni njia ya moshi.

2. Nahitaji vifaa gani?

Waya wa manyoya (ule waya mwembamba uliozungushiwa nyuzi za pamba), kishindilio cha kukandamizia tumbaku, tambara laini, pamba na alkoholi kali. Kikwangulio cha bori kinaweza kungoja miezi kadhaa, kwa kuwa kiko kipya hakina cha kukwangua.

Kuhusu alkoholi, hapa hatubahatishi. Tumia ethanoli inayofaa kunywewa, yenye nguvu kadiri utakavyoipata. Usitumie spiriti ya kuwashia majiko: huwa imetiwa methanoli au sumu nyingine makusudi ili isinyweke, nawe utakiweka kiko hicho kinywani.

3. Nitajuaje kiko changu kimetengenezwa kwa nini?

Viko vingi vya mti ni vya brayari, kivimbe cha mizizi ya kichaka kiitwacho *Erica arborea* kinachoota pembezoni mwa Mediterania. Ni mti mgumu usioungua upesi, na ukiutazama vizuri utaona mistari au vidoa kama macho ya ndege. Mershamu ni madini meupe, mepesi, yanayochimbwa zaidi Eskişehir nchini Uturuki. Vipo pia viko vya gunzi la mahindi na vya udongo. Mengi tunayoeleza hapa ni ya brayari; gunzi na mershamu vimo kuanzia swali la 20.

Mdomo nao huwa wa eboniti au akriliki. Eboniti ni mpira uliopikwa na salfa. Ni laini kidogo menoni, na ikikaa juani hupauka ikawa ya kijani au kahawia. Ukiisugua kwa nguvu hutoa harufu ya salfa. Akriliki ni ngumu zaidi na haipauki. Tofauti hii ina maana, kwa sababu alkoholi inaweza kuitia akriliki nyufa ndogondogo. Mdomo wa akriliki usafishwe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu.

4. Kiko kipya kinahitaji kuzoeshwa?

Kinahitaji uvutaji wa taratibu tu. Jaza nusu bori kwa mara tano hadi kumi za mwanzo, vuta polepole na ufike chini kabisa, ili ukuta wa chini nao upate tabaka lake la kaboni. Mara nyingi ni sehemu hiyo inayobaki mti mtupu na kuungua baadaye. Wapo wanaopaka asali ndani. Hatushauri: asali huungua kwa mapovu, nayo hufanya ukoko dhaifu unaobanduka vipande.

## Matunzo ya kila siku

5. Nifanye nini kila nikimaliza kuvuta?

Koroga majivu taratibu kwa kishindilio, kisha uyamwage. Usikigongeshe kiko kwenye kitu kigumu. Digali nyingi huvunjika hivyo. Gonga kwenye kiganja au kwenye kizibo laini.

Pitisha waya wa manyoya kutoka mdomoni hadi uchungulie ndani ya bori, bila kuutenganisha mdomo na digali. Utoe, geuza upande wa pili, pitisha tena. Ukitoka umelowa na mweusi, chukua mwingine. Futa kuta za bori kwa karatasi laini iliyosokotwa. Subiri kiko kipoe kabisa, walau saa moja, ndipo uchomoe mdomo ukitaka kufuta unyevu uliojificha kwenye kiungo.

Kwa nini usiuchomoe kikiwa cha moto? Mti ukiwa na joto na maji huwa umevimba na kulegea nguvu. Ulimi ukizungushwa wakati huo unaweza kupasua digali, au kuutanua mwanya usirudi tena kama ulivyokuwa.

6. Ni lazima kiko kipumzike?

Ndiyo. Saa 24 ndicho kiwango tunachokipa uzito, na siku mbili ni bora kama tumbaku ilikuwa na viungo vya harufu, maana hiyo huacha maji mengi. Mti wa brayari hunywa unyevu na kuutoa polepole. Kiko kisichopata nafasi ya kukauka huwa kichungu na huota ukungu (swali la 19). Mwenye kuvuta kila siku anahitaji zaidi ya kiko kimoja.

7. Ukoko ni nini, na uwe mnene kiasi gani?

Ukoko ni tabaka gumu la kaboni linalojijenga ukutani mwa bori, mfano wa ule wa chini ya sufuria. Unaukinga mti usiguswe na moto na unafyonza sehemu ya unyevu. Kwa hiyo kukwangua hadi mti uonekane ni kuiondoa ngao yenyewe.

Unene mzuri ni milimita 1 hadi 1.5, ulingane pande zote. Ukizidi, kuna hatari ya kweli: kaboni hutanuka kwa joto tofauti na mti, na ukoko mnene unaweza kulipasua bori. Pia nafasi ya tumbaku hupungua.

Tumia kikwangulio chenye meno yanayorekebishika, au kijiti cha mviringo kilichozungushiwa msasa. Kisu chenye ncha ni adui wa kitako cha bori. Huchimba shimo palepale moto unapotua. Zungusha kidogo kidogo, mwaga unga, tazama, rudia. Kazi hii ifanywe kiko kikiwa kikavu, maana ukoko wenye unyevu hubanduka magamba na kuacha mabaka matupu.

8. Usafi wa kina ufanywe lini, na vipi?

Baada ya kuvuta mara 20 au 30, au mapema ukionja uchungu. Kiko kiwe kimepumzika siku mbili.

Chomoa mdomo. Chovya waya wa manyoya kwenye alkoholi, uukung'ute usidondoke, upitishe kwenye digali. Rudia hadi waya utoke karibu mweupe. Kiko kilichosahaulika kinaweza kumaliza waya 15. Kisha zungushia pamba kidogo kwenye kijiti na usugue kuta za tundu unamokaa ulimi, hasa mwisho wake. Hapo ndipo uchafu mzito kama lami hukusanyika, na waya peke yake hauufikii. Mdomo wa eboniti usafishwe ndani kwa njia ileile.

Ndani ya bori futa tu kwa pamba yenye unyevunyevu wa alkoholi. Nje usiiguse nayo, kwani huyeyusha rangi na vanishi. Acha kiko wazi siku mbili. Usikiwashe kikiwa bado kinanuka alkoholi: mvuke wake unashika moto.

Pamba na waya vilivyotumika vimebeba nikotini nyingi. Vitupe mahali ambapo mtoto au mnyama hawezi kuvifikia, kisha nawa mikono.

## Matatizo wakati wa kuvuta

9. Kiko kinakoroma. Kwa nini?

Maji yametuama kwenye njia ya moshi, na pumzi yako inapita juu yake. Tiba ya papo hapo ni kupitisha waya wa manyoya hadi kwenye tundu la moshi bila kuzima moto, uunyonyeshe maji, uutoe.

Kikikoroma kila siku, tafuta chanzo. Cha kwanza ni tumbaku mbichi. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada: ukiachia, ifumuke taratibu. Ikibaki imegandana, itandaze kwenye karatasi dakika 15 hadi 60, kisha ujaribu tena. Cha pili ni kuvuta kwa pupa, maana moto mkali huzalisha mvuke mwingi. Cha tatu kimo kwenye kiko chenyewe: ulimi usipofika mwisho wa tundu lake hubaki uwazi, moshi unapanuka pale na kupoa, na maji yanadondoka. Pima kwa kijiti kina cha tundu, linganisha na urefu wa ulimi. Uwazi wa milimita moja hausumbui, lakini ukikaribia milimita tatu au nne kiko kitakoroma hata kwa mvutaji mtulivu.

10. Kinazimika kila baada ya dakika chache.

Kukiwasha tena mara mbili tatu si kosa la mtu. Kikizidi hapo, ama tumbaku ni mbichi (swali la 9), ama umeishindilia vibaya. Jaza kwa awamu tatu: ya kwanza idondoke yenyewe bila kukandamizwa, ya pili ikandamizwe kidogo, ya tatu kwa nguvu kiasi. Kabla ya kuwasha vuta hewa. Upinzani uwe kama wa kunyonya maji kwa mrija. Washa ukizungusha moto juu ya tumbaku yote, itavimba na kuinuka. Ikandamize kwa upole, kisha washa mara ya pili. Moto huo wa pili ndio unaokaa.

11. Mvuto ni mgumu, kama kimeziba.

Pitisha waya. Ukifika kwenye bori na mvuto bado mgumu, tumbaku ya chini imeshindiliwa mno: choma katikati kwa sindano ndefu ya kiko, au mwaga uanze upya. Waya ukikwama kabla ya kufika, kiko kipoe, uchomoe mdomo na utazame kama kuna masalio ya tumbaku au lami iliyoganda. Kwenye viko vyenye mkunjo mkubwa, waya hukwama kwenye kiungo bila kuwa na kizuizi chochote; ukunje ncha yake kidogo na uuzungushe unapousukuma.

Baadhi ya viko vya zamani vina kifereji cha chuma kilichopachikwa kwenye ulimi ili kukusanya maji. Hubana njia na kuzuia waya. Kinaweza kuvutwa kwa koleo iliyofungwa kitambaa, baada ya kukipasha kidogo ili lami iliyokishika ilegee, na kiko kitavutika vizuri zaidi bila hicho.

12. Ulimi wangu wa kinywani unawaka kila nikivuta.

Mvuke wa moto na ukali wa moshi huudhuru ulimi. Kausha tumbaku zaidi, punguza mwendo, na ukiona moshi unatoka mwingi ujue umezidisha. Bori ushikiliapo kiganjani lisikuchome. Likichoma, kiweke chini, kikizimika basi kizimike. Tumbaku yenye sukari nyingi huuma zaidi kuliko nyingine. Kidonda kinywani kisichopona ndani ya wiki mbili hakitibiwi kwa kubadili mchanganyiko wa tumbaku. Kionyeshe kwa daktari au mganga wa meno.

13. Ladha ya tumbaku ya zamani haitoki.

Hiyo imejificha ndani ya ukoko na kwenye digali. Punguza ukoko hadi ubaki mwembamba sana, fanya usafi wa swali la 8, kisha jaza bori pamba, udondoshee alkoholi hadi ilowe bila kufurika, na uweke kipande kingine cha pamba ndani ya digali. Acha saa 12 hadi 24. Pamba itageuka kahawia. Toa, kausha siku tatu au zaidi, rudia ikibidi.

Wengi hutumia chumvi ya chembe kubwa badala ya pamba. Inafanya kazi, ila chumvi inayosalia ndani huvuta unyevu na kuharibu ladha, na chembe zake ni vigumu kuzitoa zote. Pamba haina madhara hayo, nasi tunaichagua.

## Mdomo na kiungo

14. Mdomo umekwama, hautoki.

Usitumie koleo. Acha kiko kikauke siku mbili. Mti ukinywea, mara nyingi mdomo huachia wenyewe. Ukikataa, kitie kiko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friza dakika 20 hadi 30. Baridi huifanya eboniti inywee kuliko mti. Kitoe, shika digali karibu kabisa na kiungo, zungusha mdomo upande mmoja bila kuupinda. Lami ikiwa ndiyo gundi yenyewe, dondosha alkoholi kidogo ndani ya digali kutoka kwenye bori, simamisha saa chache, jaribu tena.

15. Mdomo umelegea au unabana mno.

Ukilegea, kwanza usifanye kitu kwa wiki moja. Kiko kilichokaa bila kuvutwa hulegea, na kikianza kutumika mti huvimba ukashika. Kikiendelea kulegea, pasha ulimi wa eboniti juu ya hewa ya moto hadi uwe laini kidogo, sukuma ndani yake shina laini la ncha ya keekee lililo pana kuliko tundu kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kisha uupoze kwa maji baridi. Akriliki usiifanyie hivyo, huvunjika. Hiyo ipake nta ya nyuki kidogo.

Ukibana, sugua ulimi kwa risasi ya penseli laini. Grafaiti hulainisha bila kupunguza kitu. Msasa uwe wa mwisho, kwa kuwa kilichoondolewa hakirudi.

16. Mdomo wa eboniti umepauka na una ladha ya salfa.

Mwanga na unyevu vimeichosha salfa iliyo juu. Loweka mdomo saa 12 hadi 24 kwenye maji ya kawaida yenye kijiko cha unga wa kuondolea madoa wenye oksijeni, usio na klorini. Maji ya moto huzidisha kupauka. Paka mafuta mazito juu ya nembo kama ipo, isilike. Kisha sugua kwa msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000 kwa mfuatano, ukiulowesha kila mara. Ukiruka namba, mikwaruzo itajitokeza wakati wa kung'arisha. Ukiwa unasugua karibu na kiungo, acha mdomo kwenye digali ukiwa umefunga mti kwa utepe, ili kingo zisilike na kuacha ngazi.

Malizia kwa nta ya karnauba au tone la mafuta ya kulia, ufute yote. Kisha weka kiko mbali na dirisha.

17. Kuna alama za meno.

Eboniti ina kumbukumbu ya umbo lake. Pitisha alama juu ya moto wa kiberiti cha gesi kwa sekunde chache, ukiusogeza bila kusita. Kibonyeo kitainuka chenyewe. Ingiza waya wa manyoya ndani kwanza ili njia isizibe. Kumbukumbu hiyohiyo ndiyo inayonyoosha mdomo uliopindwa kiwandani ukiupasha kupita kiasi. Tundu lililotoboka huzibwa kwa supagluu iliyochanganywa na unga laini wa mkaa, ikaachwa siku nzima, ikasuguliwa. Mpira mdogo wa kuvisha mdomoni huzuia alama mpya.

## Bori

18. Kuna doa jeusi nje ya bori, au ukuta unachoma sehemu moja.

Acha kukivuta leo. Huenda moto unakula mti kutoka ndani. Kikwangue sehemu hiyo taratibu kikiwa kikavu na utazame kwa tochi: mti mgumu ulio mweusi juu tu unaweza kuendelea, mti unaomomonyoka kama mkaa umeungua. Shimo dogo, au kitako kilichochimbika chini ya tundu la moshi, huzibwa kwa majivu laini ya sigara nene yaliyokandwa kwa maji hadi yawe kama udongo wa mfinyanzi. Paka, acha siku mbili au tatu, kisha vuta nusu bori kwa upole hadi ukoko ushike. Tundu lililotokeza nje halina tiba ya kuaminika.

Weusi wa ukingoni ni jambo jingine, jepesi zaidi: ni masizi ya moto uliowashwa pembeni. Futa kwa tambara lenye unyevunyevu, mara kadhaa. Viberiti vya gesi vyenye moto wa mshale viachwe kabisa.

19. Nimekuta ukungu ndani.

Ukiwa juu juu, futa, kwangua ukoko karibu wote, kisha fanya kama swali la 13, mara mbili. Ukungu ulioingia kwenye nyufa za mti na harufu ikarudi baada ya kukauka ni sababu tosha ya kukitupa kiko.

## Viko vya aina nyingine na mambo ya pembeni

20. Kiko cha gunzi kina matunzo gani?

Waya mkavu na karatasi tu. Usikiloweke kwa alkoholi wala maji, kwani hufumuka na gundi yake huachia. Digali ya mti hujitokeza ndani ya bori na itaungua kidogo mwanzoni, ni kawaida. Kikichakaa, kinatupwa.

21. Na mershamu?

Hapa kanuni ya ukoko inageuka: usiuache ujijenge hata kidogo, kwa sababu mershamu ikipashwa pamoja na kaboni nene hupasuka. Futa bori kwa karatasi kila baada ya kuvuta. Huvunjika ikianguka, na ikilowa huwa laini sana, kwa hiyo mdomo usichomolewe kamwe kikiwa cha moto. Ishike kwenye mdomo. Mafuta ya vidole huacha mabaka kwenye nta. Ile rangi ya dhahabu inayogeuka kahawia kwa miaka hutokana na nta ya nyuki na moshi, nayo ndiyo fahari ya mwenye kiko.

22. Filta ya milimita 9 ni ya lazima?

Hapana, ila kiko kilichotobolewa kwa ajili yake kikivutwa bila filta huwa na uwazi mkubwa na kukoroma (swali la 9). Tumia kipunguzio kinachojaza nafasi hiyo. Filta itupwe kila baada ya kuvuta. Ikisahaulika ndani huvimba na kuushika ulimi. Ile ya mkaa maalumu hupunguza unyevu na ukali, lakini haikiondolei kiko madhara ya tumbaku. Hata asiyemeza moshi hupata nikotini kupitia ngozi ya kinywa, na saratani za mdomo, ulimi na koo zinawapata wavuta kiko pia.

23. Nimenunua kiko kilichotumika. Nianzie wapi?

Kitazame kabla ya kukisafisha. Nyufa kwenye digali hufichwa na uchafu, na kwenye bori huonekana ukilichungulia dhidi ya mwanga. Ufa mfupi wa digali hushikwa kwa pete ya fedha au shaba iliyopimwa. Ufa wa bori unaopita ukuta hautengenezeki.

Kisha fuata mpangilio huu: swali la 14 kama mdomo umekwama, la 7 kwa ukoko, la 8, la 13, na la 16 mwishoni. Mdomo wa eboniti usuguliwe nje kwa alkoholi kabla haujagusa midomo yako. Wa akriliki uoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ndani na nje, na kama ncha yake imejaa mikwaruzo ya meno ya mwenyewe wa kwanza, tafuta mdomo mpya.